Walimu wa UPE, Ng'ambo ya Busisi

Mtu akiulizwa ni mwalimu gani aliyemfikisha hapo alipo, aghalabu anamtaja wa sekondari au wa chuo. Kila tarehe 5 Oktoba, Siku ya Walimu Duniani, huwa nasikiliza salamu zinazotumwa redioni, na wanaotajwa ni wale wale: mwalimu wa fizikia aliyekuwa mkali lakini akaeleweka, mwalimu wa Kiingereza aliyevaa suruali yenye mkunjo wa pasi kila siku, mkuu wa shule aliyemjua kila mwanafunzi kwa jina na kwa kijiji alichotoka. Wanastahili salamu hizo. Ila yupo mmoja anayerukwa kila mwaka, naye ni yule aliyempokea huyu mtuma salamu akiwa hajui hata kalamu inashikwa vipi. Hakuna anayekumbuka siku aliyojua kusoma. Unajikuta tu unajua, na aliyeifanya kazi hiyo anasahaulika kabla hujafika darasa la nne.

Nataka kuandika juu ya hao. Na kwa sisi tuliozaliwa Kanda ya Ziwa miaka ya sabini, kuandika juu ya hao ni kuandika juu ya walimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, kwa maana wengi wetu tulipita mikononi mwao. Nimechoka kusikia wakitajwa kwa dharau na watu ambao wasingeweza hata kusoma gazeti lao la asubuhi bila walimu hao.

Kwetu ni ng'ambo ya Busisi, upande wa Sengerema, kijiji cha wavuvi na wakulima wa pamba kwenye Ghuba ya Mwanza. Nilianza darasa la kwanza mwaka 1980, nikamaliza la saba 1986. Majina ya walimu wangu nayahifadhi, maana hawakuniomba niwaandike. Wa kwetu wakisoma watawajua tu.

Kwa vijana ambao neno UPE wanalisikia kwa wazee, historia yake ilianzia kwenye ufukwe wa ziwa hili hili. Novemba 1974, viongozi wa TANU walikaa Musoma wakaazimia kwamba ifikapo mwishoni mwa 1977 kila mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule awe darasani. Ada ya shule ya msingi ilikuwa imeshafutwa mwaka mmoja nyuma. Wakati wa azimio hilo shule za msingi za Tanzania Bara zilikuwa na watoto kama milioni 1.2. Kufikia 1983 walikuwa kama milioni 3.5. Vyuo vya ualimu, kwetu Kanda ya Ziwa vikiwa pamoja na Butimba pale Mwanza na Murutunguru kule Ukerewe, visingeweza kutoa walimu wa kuwatosha watoto wote hao kwa muda mfupi namna ile. Basi Serikali ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawapa mafunzo ya miaka 3 huko huko vijijini, wakifundisha huku nao wakijifunza, kwa masomo ya posta na ya redio na kwa kusimamiwa na waratibu wa elimu. Makumi ya maelfu ya walimu walipatikana kwa njia hiyo.

Dharau ilianzia hapo. Darasa la saba anamfundisha darasa la kwanza, walisema, kipofu anamwongoza kipofu. Hadi leo mtu akikosea hesabu kwenye kikao cha harusi utasikia mwingine akimwambia huyo alifundishwa na mwalimu wa UPE. Lawama nyingine zina ukweli. Madarasa yalifurika, vitabu havikutosha, na somo la sayansi la darasa la sita lilikuwa zito kwa mwalimu ambaye shule yake mwenyewe iliishia la saba. Hilo sibishani nalo. Ninachokataa ni kuwapima kwa walichokosa, bila kuangalia walichokifanya na kile kidogo walichokuwa nacho.

Mwalimu wetu wa darasa la kwanza alikuwa binti wa Kisukuma kutoka pande za Kwimba, ndiyo kwanza amemaliza mafunzo yake. Umri wake ulikuwa wa dada zetu wakubwa. Mbele yake, kwenye chumba kimoja cha matofali ya udongo, tulikuwa watoto zaidi ya 80: Wasukuma, Wazinza ambao ndio wenyeji, Wakerewe na Wajita ambao wazazi wao walifuata samaki. Nyumbani kila mmoja alikuwa na lugha yake. Kiswahili wengine walikuwa wamekisikia mnadani tu, au kwenye redio ya jirani. Madawati yalikuwa ya kuhesabu, hivyo wengi tulikalia mawe, na mawe kwetu hayatafutwi mbali.

Daftari hakuna. Vita vya Kagera vilikuwa vimeisha mwaka uliotangulia, na rafu za duka la kijiji zilibaki tupu. Sabuni kwa mgao, sukari kwa mgao, penseli ndiyo usiulize. Basi mwalimu akatuteremsha ziwani.

Kila asubuhi, baada ya usafi na kuitwa majina, tulishuka kwa mstari hadi kwenye mchanga, pembeni ya mwalo, pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia. Kila mtoto alipewa eneo lake, akalisawazisha kwa kiganja. Mwalimu aliandika herufi moja kubwa kwa kijiti mahali ambapo wote tungeiona, halafu akaanza kupita nyuma yetu, mmoja baada ya mwingine. Aliinama, akakishika kidole chako cha shahada, akakizungusha mchangani: duara kwanza, halafu mstari wa kushuka ubavuni. Hiyo ni a. Akaifuta kwa kiganja chake. Sasa peke yako. Ukikosea alifuta tena bila kusema neno, akakishika kidole tena. Nakumbuka kucha zake zilikuwa na mchanga muda wote, na kitenge alichojifunga kiunoni kililowa upindo kwa kuinama.

Kuna jambo nililigundua baadaye sana, nilipokuwa mtu mzima. Mchanga wa asubuhi una unyevu, ukichora herufi inakaa. Ikifika saa nne jua limeshaukausha, kila mstari unaochora kuta zake zinabomoka. Ndiyo maana somo la kuandika lilikuwa la kwanza na hesabu zilifuata, tukiwa tumesharudi kwenye kivuli cha mwembe, tukihesabu mbegu za pamba na vizibo vya soda alivyookota mnadani. Ratiba ya shule iliyobandikwa ofisini ilikuwa kinyume, hesabu kwanza. Yeye aliifuata ratiba ya mchanga.

Sauti ya r ilitusumbua sana sisi wenye ulimi wa Kisukuma. Rula tuliita lula, karatasi kalatasi. Mwalimu hakutucheka, maana naye alikuwa amelelewa na ulimi huo huo. Kulikuwa na boti la injini lililopita kununua samaki. Siku moja lilipokuwa likiondoka akatuamuru sote tusimame, tuliangalie, tuige mlio wake. Darasa zima likanguruma, rrrrr, hadi boti likapotea nyuma ya miamba. Kwa wiki kadhaa tulipita kijijini tukinguruma namna hiyo, wazee wakashangaa. Kisha siku moja rula ikawa rula.

Vitabu vya kusomea vilikuwa kimoja kwa kundi la watoto kumi hivi. Kinawekwa katikati, wanaobahatika wanakaa upande wa chini, wengine wanazunguka. Kulikuwa na mwenzetu mmoja, mfupi na mpole, aliyesukumwa kila siku hadi upande wa juu. Huyo alijifunza kusoma kitabu kikiwa kimegeuka juu chini. Mwalimu aligundua alipompa kitabu mkononi na yeye akakigeuza ndipo akaanza kusoma, bila kukwama. Tangu siku hiyo akawa anapita kila baada ya mstari mmoja na kukizungusha kitabu, ili kila mmoja apate zamu ya kuziona herufi zikiwa wima. Rudia: zaidi ya watoto 80, vitabu visivyofika kumi, na mtu mmoja aliyegundua kwamba mtoto fulani mpole anasoma kinyume.

Mambo mengine nayapitia haraka. Chaki zikiisha, kipande cha muhogo mkavu kiliandika. Ubao ukipauka, tulitwanga mkaa wa betri kuukuu pamoja na majani, tukaupaka, tukasubiri ukauke. Shamba la shule la pamba lililimwa na sisi, kwa mujibu wa Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, na mauzo yake yakanunua mpira na mabati machache. Viboko vilikuwepo, na vingi havikuwa vya haki. Shukrani yangu haivifuniki. Mwalimu wa darasa la kwanza hakushika fimbo, na sisi ndio tulikuwa darasa lenye utulivu kuliko yote.

Nilipofika darasa la tatu nikawa msomaji wa barua wa mtaa wetu. Barua zilitoka kwa wajomba waliokuwa Dar es Salaam na kwa vijana waliokwenda kutafuta kazi mbali. Zote zilianza kwa namna moja: madhumuni ya barua hii ni kutaka kujua hali zenu, ama mimi huku ni mzima, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali. Wazee walipenda sehemu hiyo isomwe polepole, hata kama waliijua yote kwa moyo. Mwalimu ndiye aliyetufundisha adabu ya kazi hiyo. Alituambia barua ya mtu ni siri ya mtu. Ukifika penye deni, ugonjwa au mambo ya ndoa, punguza sauti, na ukishaikunja usiibebe kichwani kwenda nayo kisimani. Nimefanya kazi za ofisi maisha yangu yote na sijapata maelekezo mazuri kuliko hayo kuhusu karatasi za watu.

Bibi yangu hakuhitaji kusomewa. Yeye alisoma kisomo. Watu wengi hawajui kwamba mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO kuanzia 1968 hadi 1972, ulikuwa wa mikoa ya Kanda ya Ziwa na makao yake yalikuwa Mwanza. Vitabu vyake vilifundisha kusoma kupitia mambo ambayo watu walikuwa wakiyafanya: pamba, uvuvi, ng'ombe, usafi wa nyumbani. Bibi alikuwa na kile cha pamba, amekifunga kwenye kitambaa pamoja na kadi yake ya TANU. Walimu wa mchana wa shule ya msingi ndio waliorudi jioni kuwafundisha wazee chini ya mti. Ushirika uliponunua pamba yake, bibi aliandika jina lake mwenyewe, taratibu, na karani akasubiri. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma nchini walikuwa 67 katika kila 100. Mwaka 1986, mwaka niliomaliza darasa la saba, walikuwa wamebaki chini ya 10. Naulizwa ushahidi wa kazi ya walimu wa vijijini, na mimi naanza na karani aliyesubiri.

Hata Mwalimu Nyerere alikuwa na mwalimu wake wa mwanzo. Mwaka 1934, mtoto wa miaka 12 alitoka Butiama akaingia shule ya Mwisenge, Musoma, na kati ya waliomfundisha pale ni Mwalimu James Irenge. Baadaye mtoto huyo alikwenda Tabora, Makerere na Edinburgh, akafundisha Tabora na Pugu, akaiacha kazi mwaka 1955 kwa ajili ya siasa, ila jina la kazi likabaki naye hadi kaburini. Taifa zima linamwita Mwalimu. Nje ya Mara, jina la Irenge wanalijua wachache.

Mwalimu wetu wa sayansi naye alikuwa wa UPE. Aliyajua mapungufu yake na hakuyaficha. Akikwama kwenye swali alisema nitauliza, na kweli alipanda baiskeli hadi Sengerema kuwauliza walimu wa sekondari, kesho yake akarudi na jibu limeandikwa kwenye kipande cha karatasi ya saruji. Katika shule zote nilizopita baadaye, hao waliosema nitauliza na wakauliza kweli walikuwa adimu.

Mwaka 1985, nikiwa darasa la sita, sangara walikuwa wamejaa ziwani. Samaki huyu aliletwa miaka ya hamsini na sitini, lakini kwetu alianza kuonekana kwa wingi miaka hiyo ya themanini, mkubwa kuliko mtoto, na wazee wengine hawakutaka kumla. Mwalimu alimwomba mvuvi mmoja samaki wake kabla hajamuuza. Akamlaza juu ya majani ya mgomba mbele ya darasa, akampasua tumbo taratibu kwa kisu cha jikoni. Ndani walikuwa furu, samaki wadogo wa ziwa hili, wengine bado wazima, magamba yao yakiwaka rangi ya machungwa na buluu. Tukaambiwa tuwapange kwa aina. Tulipomaliza alituuliza, "Furu wakiisha, huyu atakula nini?" Hakutoa jibu. Alituachia swali likae, akamrudishia mvuvi samaki wake, na mvuvi akanung'unika kwamba sasa hauziki mzima.

Miaka iliyofuata furu waliisha kweli. Aina nyingi zilizokuwa katika ziwa hili na si kwingineko duniani zilitoweka, na sangara akahamia kwa dagaa na kwa watoto wake mwenyewe. Watafiti wa samaki wa Nyegezi na wenzao kutoka Uholanzi wameandika mengi kuhusu jambo hilo. Sisi tuliulizwa swali hilo kwenye darasa lenye sakafu ya udongo, na mtu aliyeishia darasa la saba.

Mwalimu wa darasa la saba, yeye, hakuwa wa UPE. Alisoma Murutunguru, mtoto wa mvuvi wa Ukerewe, mtu mzima mwenye mvi chache. Namweka hapa kwa sababu ya mwezi.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi wanawasha karabai, dagaa wanaufuata mwanga, wanakokotwa na nyavu. Usiku wa mbalamwezi kazi inasimama, maana mwanga wa mwezi unashinda wa taa na dagaa wanatawanyika. Wavulana wengi wa darasa letu walikuwa wakienda ziwani na baba zao, na wasichana waliamka alfajiri kuanika dagaa mchangani. Wakati wa giza darasa lilikuwa nusu, na waliokuja walisinzia. Shule nyingine zilijibu kwa viboko na kwa kuwaita wazazi kamati. Mwalimu huyu alikuwa ameona maisha hayo tangu akiwa mtoto, akaipanga kazi yake kwa mwezi. Wakati wa giza alifundisha mambo mepesi, marudio na imla. Mambo mazito, sehemu na asilimia na mafumbo ya hesabu, aliyaweka kwenye siku za mbalamwezi, pamoja na majaribio yote.

Halafu akaongeza la pili. Siku za mbalamwezi karabai zilikuwa zimekaa bure majumbani. Akapita kwa wavuvi, nyumba kwa nyumba, akaomba taa moja hapa, chupa ya mafuta pale. Mafuta ya taa yalikuwa ya shida, lakini nani angemnyima mwalimu anayemfundisha mwanawe? Tukawa tunarudi shuleni usiku. Karabai mbili zilining'inizwa kwenye boriti zikivuma, mmoja wetu akiwa na zamu ya kupiga pampu mwanga ulipoanza kufifia. Wadudu wa ziwani walijaa hadi tukalazimika kufunika daftari kwa mkono. Yeye aliendelea kuandika ubaoni, akiwapangusa wadudu kwa dasta. Mama mwalimu, mkewe, alileta sufuria la uji wa mtama.

Wazazi walikuwa na hofu ya kuwaruhusu mabinti usiku. Na hapo pia mwezi ulifanya kazi, maana njia zilionekana. Somo likiisha mwalimu na mkewe walituongoza sote kwa mstari mmoja, wakimfikisha kila msichana mlangoni kwao, wakingoja mzazi aitike ndani ndipo waondoke. Nyumba ya mwisho ilikuwa mbali, ng'ambo ya shamba la mihogo. Walifika huko kila usiku. Hakuna aliyewalipa hata senti moja kwa kazi hiyo, na sidhani iliandikwa kwenye ripoti yoyote.

Mwaka huo kutoka shuleni kwetu tulichaguliwa wanne kwenda sekondari za Serikali, wasichana wawili na wavulana wawili, na kwa kijiji ilikuwa sherehe. Zama hizo, katika watoto 100 waliomaliza la saba nchini, waliopata sekondari hawakufika 10. Mimi nikavuka kwenda Mwanza mjini. Hadithi za kuwashukuru walimu kwa kawaida humfuata aliyevuka. Nadhani tunapaswa kuwatazama zaidi waliobaki, kwa sababu UPE ilikuwa yao.

Yule mwenzetu aliyejifunza kusoma juu chini ni mvuvi, na kwa miaka mingi amekuwa katibu wa BMU ya mwalo wetu, kikundi cha usimamizi wa uvuvi. Anaandika boti zinazoingia, uzito wa samaki, nyavu haramu zilizokamatwa. Mnunuzi akikaa upande wa pili wa meza na daftari lake, mwenzetu anazisoma bei humo humo kutoka alipo, bila kuinamisha shingo. Mwenzetu mwingine anapeleka dagaa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, ambako wanunuzi wanatoka hadi Kongo. Yeye mwenyewe anasoma mizani, anahesabu magunia, anakagua stakabadhi kabla hajaikunja. Ameniambia kwamba mama yake, aliyefanya biashara hiyo hiyo miaka ya sitini, alikuwa akimtegemea mtu wa mizani amwambie uzito. Tofauti ya maisha ya mama yule na bintiye ilianzia mchangani kwetu, ufukweni pale, na mwalimu aliyekuwa akiinama.

Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji ambayo tulikuwa tukiyavuka kwa kivuko na foleni. Limepewa jina la Hayati John Magufuli, na kwetu sisi hilo lina maana yake, kwa kuwa kabla ya siasa alikuwa mwalimu wa kemia na hisabati Sengerema Sekondari, 1982 na 1983. Baada ya kufunguliwa nilivuka kwenda kumwona mwalimu wangu wa darasa la kwanza. Alistaafu mwaka 2020, anaishi nje kidogo ya mji wa Sengerema, ana ng'ombe wa maziwa na bustani ya mboga.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Kaa hapo, penye kivuli."

Akaniletea matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga, akanihoji kuhusu watoto wangu mmoja mmoja, wanasoma nini, wanapenda nini. Kisha nikamuuliza la mchangani. Nilidhani ni jambo alilofundishwa mafunzoni. Akasema hapana, alilibuni mwenyewe kwa kukosa daftari, na likamletea matatizo. Mkaguzi mmoja alifika mwaka ule wa kwanza, akamkuta ziwani na watoto, akamgombeza mbele yetu kwamba anawaacha watoto wachezee mchanga saa za masomo. Sisi hatukuelewa. Mwalimu hakujitetea. Alimwita mtoto mmoja, akamwambia andika jina la huyu mgeni. Mtoto akamuuliza mkaguzi jina lake nani, akapiga magoti, akasawazisha mchanga, akaandika majina yote mawili. Mkaguzi akalifunga daftari lake, akaomba maji ya kunywa.

Nilimuuliza mtoto huyo alikuwa nani. Akasema alikuwa yule aliyekuwa akisoma juu chini, na kwamba jina la mkaguzi alikuwa ameliandika likimwelekea mkaguzi.

Alinionyesha pia kitu ambacho sikukitarajia. Jumamosi watoto wa jirani wanakuja barazani kwake, wale ambao wamefika darasa la tatu na bado kusoma kunawashinda. Hawatozi. Tangu 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili umerudisha mkazo kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, na yeye anaukubali kwa moyo wote. Anachosema ni kwamba mtaala hauinami, anayeinama ni mwalimu, na darasa likiwa la watoto 150 mgongo unamshinda. Ametaka vitabu vya hadithi fupi vyenye maandishi makubwa. Sisi tuliomaliza 1986 tumeanza kuvichangia na sanduku la kwanza limeshafika. Kama nawe una vya watoto wako waliokua, usiviache viliwe na mchwa.

Mwalimu wa darasa la saba ametangulia mbele ya haki. Mkewe yupo Ukerewe na Desemba tunakwenda kumwona, wale watakaopata nafasi, kwa meli ya Nansio. Wasichana wa darasa letu, ambao sasa ni bibi, wamesema hao ndio watakaomnunulia kitenge na blanketi, na wanaume tusiingilie.

Mwalimu wa sayansi bado tunamtafuta. Mara ya mwisho alisikika akifundisha upande wa Geita, kabla hajastaafu. Tumeuliza kwa waratibu wa elimu na kwa walimu wastaafu wa huko, na mmoja amesema anamfahamu mtu mwenye baiskeli anayefanana na maelezo yetu. Nikimpata nina jibu la swali lake. Sangara wamevuliwa sana, wamepungua, na baadhi ya furu wamerudi. Si wote, na si wale wa rangi zote tulizozipanga juu ya majani ya mgomba. Lakini wapo, nimewaona Mwaloni mwaka huu, na nataka anisikie nikimweleza.